Tulikwama Bugolora tukienda Ukara kuhubiri: Mungu alituchelewesha, Shetani alituzuia, au tulipanga vibaya?

#1 Mbeba Gitaa
Wakuu, Bwana asifiwe. Waislamu, asalaam aleikum. Wengine, habari za mihangaiko.

Naleta jambo lililoigawa kwaya yetu mpaka mazoezi ya Alhamisi yamepoa. Mwezi Julai tulitoka Shinyanga kwenda kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kufanya mkutano wa injili wa nje. Vijana, wazee wa kanisa, mchungaji, maspika, jenereta na gitaa langu. Ratiba ilikuwa Jumatatu tutoke, Jumanne tuvuke, Jumatano jioni mkutano uanze.

Basi likakata springi kabla ya Bunda. Tukalala barabarani. Kisorya tukafika kivuko cha mwisho kimeshaondoka, tukalala tena. Kufika Bugolora, upande wa Ukerewe wa kuvukia kwenda Ukara, tukakuta ziwa limechafuka, hakuna chombo kinachovuka, wenye mitumbwi wamevuta injini zao nchi kavu. Mwenyekiti wa kitongoji akatupa darasa la shule tukakaa humo. Siku zikapita. Hela ya mafuta ya jenereta ikawa hela ya ugali.

Mwanzoni maombi yalikuwa ya kukemea. Upepo ulikemewa, mawimbi yalikemewa, hata ile springi iliyobaki Bunda ilikemewa. Kesho yake sauti zikapungua. Baadaye watu wakaanza kununiana kwa sababu ya sabuni. Ndipo mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni akatuuliza: "Kwani nyie mmetumwa Ukara tu? Sisi wa hapa nani kawaambia tumeshaokoka?" Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile tukaimba mwaloni bila spika, na kila jioni iliyofuata.

Ziwa likatulia tukavuka. Mkutano wa Ukara ukajaa, tena wanaume wengi kuliko wanawake, kitu ambacho mchungaji anasema hajawahi kukiona visiwani.

Sasa tumerudi. Mchungaji anasema Mungu alituchelewesha makusudi. Mama wa maombi anasema ni Shetani, na anashika 1 Wathesalonike 2:18 pale Paulo anaposema alitaka kwenda akazuiwa na Shetani. Mweka hazina anasema hakuna cha Mungu wala Shetani, tulipanga safari kama watu wanaokwenda sokoni. Nyie mnaonaje?

#2 Popo wa Sirari
Uzi wa Ukara bila picha ya jiwe linalocheza? Rudi kwanza kule kisiwani.

#3 Fundi Saa
Mweka hazina apewe kiti cha mbele. Springi imekatika kwa sababu basi lilibeba kuliko uwezo wake, upepo ulivuma kwa sababu ilikuwa Julai. Tumemaliza, uzi ufungwe.

#4 Kijakazi wa Bwana
Fundi Saa wewe kila uzi wa imani lazima uje na spana. Mbeba Gitaa, huyo mama wa dagaa ndiye aliyetumwa. Msingekwama, Bugolora wangewaona mkipita tu na maspika yenu. Mungu huchelewesha ili atumie.

#5 Nahodha Mstaafu
Mimi nimefanya kazi ziwani miaka mingi. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini ni mkali na mkondo wa Bugolora na Ukara haujifichi, upo wazi. Waliovuta injini nchi kavu wasilaumiwe na wala wasifanywe mapepo. Wale ndio waliowapa uhai.

Wengine humu ni vijana, niwakumbushe. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio hapo hapo Bugolora. MV Nyerere iliondoka imejaa kupita kiasi, ikapinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa Ukara wanaangalia. Walikufa zaidi ya 200. Kila mtu siku ile alikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniambia amecheleweshwa pale na hali ya hewa, mimi namwambia akae anywe uji.

#6 Kijakazi wa Bwana
#5 umenitoa machozi mzee wangu. Mjomba wangu alitakiwa apande chombo kile, akachelewa kwa sababu ya deni la mtu pale gulioni. Mpaka leo anatoa shukrani kanisani kila Septemba. Sasa Fundi Saa atuambie hiyo ni spana gani.

#7 Fundi Saa
Kijakazi, namheshimu mjomba. Swali langu ni moja na naliuliza kwa adabu. Waliowahi kivuko siku ile, wakiwemo waliotoka kwenye maombi asubuhi, Mungu hakuwapenda? Aliyechelewa anasimama kanisani kusimulia. Aliyewahi hana wa kumsimulia. Tukisikiliza upande mmoja tu, lazima kila uchelewaji uonekane baraka.

#8 Kijakazi wa Bwana
Sina jibu la hilo. Ila mjomba kushukuru hakumaanishi anawahukumu waliokufa.

#9 Mkerewe Halisi
Habarini. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimekulia Murutunguru. Naona mnazunguka mbali. Hebu Mbeba Gitaa nijibu: siku mliyovuka, usiku kulikuwa na mwezi?

#10 Mbeba Gitaa
Mkuu, mwezi ulikuwa mkubwa mno. Hata jenereta ilipozima katikati ya wimbo tuliendelea bila taa. Kwani vipi?

#11 Mkerewe Halisi
Nilijua tu. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi giza. Dagaa wanavutwa na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi tena. Kwa hiyo mwezi ukishakuwa mkubwa wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa, wanagombana na wake zao, na ukileta muziki wanakuja wote. Mngefika ile Jumatano yenu, mwezi ungekuwa bado mdogo na mngehubiria akina mama na watoto, wanaume wote wako ziwani na taa zao. Ndiyo maana mchungaji wenu hajawahi kuona wanaume: kila mwaka anakuja giza.

Sasa semeni wenyewe hiyo ni nini. Sisi tunaita kujua mahali unapokwenda.

#12 Popo wa Sirari
Yaani mkutano mkubwa wa injili umeandaliwa na mwezi. Wazee wa kuhubiri naomba mkae.

#13 Fundi Saa
#11 funga kazi. Simu moja tu kwa mwenyeji wa Ukara ingetosha.

#14 Mbeba Gitaa
#11 asante sana, hili hakuna aliyelijua kwenye msafara mzima. Lakini Fundi Saa, usikimbilie kufunga. Hatukujua habari za mwezi, hatukupiga simu, na bado tukafikishwa kwenye siku zile zile ambazo mjuzi angezichagua. Mimi hapo ndipo ninapomwona Mungu. Si kwenye springi.

#15 Fundi Saa
Mkuu, mwezi mkubwa unakuja kila mwezi. Mngechelewa zaidi mngeangukia giza lingine, mngerudi mnasema Mungu aliwanyenyekeza kwa mahudhurio madogo. Nyie hamshindwi.

#16 Kapuku Msomi
Ninashangaa uzi umefika hapa hakuna aliyemtaja Mackay, na mnaongelea Ukerewe.

Mwaka 1876 shirika la wamisionari la CMS la Uingereza lilituma watu wanane kwenda Buganda. Mmoja wao Alexander Mackay, mhandisi Mskoti. Njiani bara akaugua vibaya, akarudishwa pwani. Wenzake wakaendelea. Yeye akapewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, halafu akajaribu kupitisha magari ya ng'ombe, mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Ni mtu aliyekwama kuliko kwaya yoyote ya Shinyanga. Wakati yeye anahangaika na matope, luteni Shergold Smith na O'Neill, walioongoza njia, waliuawa Ukerewe Desemba 1877. Mackay alifika Buganda Novemba 1878 na akafanya kazi mpaka alipofariki 1890. Asingeugua, angekuwa nao kisiwani. Hapo mimi siwezi kusema ni bahati.

#17 Mkerewe Halisi
Kapuku, historia ya kwetu ukiisimulia isimulie yote. Hawakuuawa kwa sababu ya kuhubiri. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Songoro, alikuwa anaunda jahazi Ukerewe, akagombana na Omukama Rukonge, mfalme wa Ukerewe. Mambo yalipoharibika akakimbilia kwa hao wazungu, wakamkingia, wakafa naye. Na tena Mackay mwenyewe, 1878 kabla ya kuvuka kwenda Buganda, alikwenda Ukerewe kwa Rukonge wakazungumza na akatoka salama. Kwa hiyo si kwamba kisiwa kilikuwa kinakula kila mgeni.

Halafu "asingeugua angekuwa nao" si lazima. Mwenzao Wilson alifika Buganda na Smith tangu Juni 1877, na vita ilipotokea Ukerewe yeye alikuwa amebaki ng'ambo, hakuguswa. Mackay angeweza kubaki na Wilson.

#18 Kapuku Msomi
Nakubali la Songoro, nilifupisha. La Wilson pia ni kweli, lakini Mackay alikuwa fundi, na fundi ndiye angeitwa kwenye mambo ya majahazi. Tuliache hapo.

#19 Fundi Saa
Msiliache. Linarudi kwenye #7. Smith na O'Neill hawakuugua, hawakuchelewa, walitii ratiba, na walikufa wakimlinda mtu aliyewakimbilia. Kama homa ya Mackay ilikuwa mkono wa Mungu, afya ya O'Neill ilikuwa mkono wa nani?

#20 Mwinjilisti wa Baiskeli
Shalom. Nimesoma kuanzia #1. Niseme kidogo kwa sababu mama wa maombi ameshika aya moja akaacha nyingine.

Paulo ni mtu yule yule. Kwa Wathesalonike anasema Shetani alimzuia. Matendo 16 anazuiwa kuhubiri Asia na anayezuia ni Roho Mtakatifu, anataka kuingia Bithinia anakatazwa tena, anaishia Troa, na huko ndiko anakoona maono ya mtu wa Makedonia. Kwa Warumi sura ya 1 anasema alikusudia mara nyingi kwenda kwao akazuiwa, na hataji aliyemzuia. Sura ya 15 ndipo anapoeleza: alikuwa na kazi huko ambako Kristo alikuwa hajahubiriwa. Hakuna pepo hapo wala maono, ni kazi nyingi tu.

Alitofautishaje? Hakuna sehemu anayotoa kanuni. Mimi nimehubiri kwa baiskeli vijiji vya Meatu, pancha nimepata nyingi, na bado nikipata pancha siwezi kukwambia imetumwa na nani. Nafika nimechelewa, nawakuta watu, nahubiri.

#21 Kijakazi wa Bwana
#20 mtumishi ubarikiwe. Lakini Danieli 10 je? Malaika alizuiwa siku 21 na mkuu wa Uajemi, na maombi yalikuwa yamesikiwa siku ya kwanza. Hapo aliyezuia anajulikana.

#22 Mwinjilisti wa Baiskeli
Anajulikana kwa sababu malaika alikuja akamwambia. Bugolora alikuja mama wa dagaa.

#23 Mzee wa Chumbageni
Asalaam aleikum. Mimi Muislamu wa Tanga, nimevutwa na kichwa cha habari. Sisi pia tunatoka kwenye da'wa vijijini, na Land Rover ya msikiti wetu ina tabia kama basi lenu.

Suratul Kahf inasimulia Nabii Musa alipofuatana na yule mja mwema tunayemwita Khidhri. Wakapanda jahazi, Khidhri akalitoboa. Musa hakuvumilia, akapiga kelele: unalitoboa uwazamishe watu? Mwisho anaelezwa kwamba lilikuwa la maskini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila jahazi zima. Kutobolewa ndiko kulikolisalimisha.

Angalieni Musa alishindwa wapi. Imani alikuwa nayo, nabii yule. Alishindwa kwa sababu maelezo yalicheleweshwa. Nyie maelezo mmeyapata ndani ya siku chache, watu na mbalamwezi, halafu mnagombana ni yapi sahihi. Subira huwa inatakiwa pale ambapo hujaelezwa kitu.

#24 Fundi Saa
Mzee wangu shikamoo. Hii nimeipenda kweli, si kejeli. Lakini nina swali: wale maskini wenye jahazi, je, waliambiwa sababu?

#25 Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Hapana. Aliyeelezwa ni Musa. Wao walibaki na jahazi lenye tundu la kuziba, na mfalme akawapita. Inawezekana hata hawakujua kama wamepitwa. Swali zuri hilo, nitamuuliza sheikh Ijumaa.

#26 Mama Tumaini MN
Habari za nyumbani. Niko Minnesota, kanisa letu huku lina ushirika na Walutheri wa Iringa na mimi huwa natafsiri wageni wanapokuja. Nataka kusema kitu ambacho wenyeji huenda hamkioni.

Mgeni wa huku anakuja kwa likizo ya wiki mbili kazini. Kila siku imeandikwa kitu: kupaka rangi darasa, kliniki, ibada, mbuga. Safari moja ndege ya kuunganisha ilituacha Ulaya, tukalala kwenye viti vya uwanja, na masanduku ya dawa yakabaki nyuma. Tulipofika kijijini hatukuwa na rangi, dawa wala brashi. Wageni walilia, daktari mzima analia. Wakauliza sasa tufanye nini. Akina mama wa kijiji wakawapa mahindi wapukuchue. Wakapukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge, huku wanauliziana habari za watoto na wagonjwa. Dawa zilipofika daktari alikuwa tayari anawajua watu kwa majina.

Sisemi Mungu aliyaacha masanduku. Ila miaka yote niliyotafsiri, ile ndiyo safari pekee ambayo wanakijiji bado wananiulizia wageni kwa majina.

#27 Popo wa Sirari
Daktari wa Marekani kupukuchua mahindi ya watu bure. Hiyo kijijini kwetu tunaita mipango mizuri.

#28 Nyar Mfangano
Hamjambo wadau, mimi ni wa ng'ambo ile, Kenya, kisiwa cha Mfangano. Kwetu pia kanisa huvuka kutoka Mbita na boti na upepo tunaujua. Siku hizi kamati yetu huweka kwenye bajeti laini inayoitwa siku za upepo: chakula na mahali pa kulala. Upepo usipovuma pesa hiyo inakwenda kwa wajane. Tangu tuanze, hakuna mtu amegombana tukikwama, na pia hakuna mtu amesimama kutoa ushuhuda kwamba alikwama. Pasta wetu mzee alilalamika kidogo, anasema tumemnyima Mungu nafasi. Mimi sikubaliani naye, lakini ushuhuda kweli zimepungua.

#29 Kijakazi wa Bwana
Hapo sasa! Mkishaweka bajeti ya upepo mnamtegemea nani?

#30 Nyar Mfangano
Dada, wajane wa Mfangano wanakula. Uliza wao.

#31 Popo wa Sirari
Mnakumbuka Kigongo na Busisi? Foleni ya kivuko pale ilikuwa chuo kikuu cha uvumilivu. Nilisoma Agano Jipya lote nikisubiri kuvuka kwenda Sengerema. Juni 2025 wakafungua daraja la JPM, kilomita 3, dakika chache uko ng'ambo. Tangu hapo sijafungua Biblia. Serikali imenirudisha nyuma kiroho.

#32 Nahodha Mstaafu
Popo, gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri foleni hiyo hiyo uliyokuwa unasomea. Utani mzuri, lakini kuna wajawazito walikufa pale wakisubiri. Acha daraja.

#33 Popo wa Sirari
Umenishika mzee. Naondoa.

#34 Mwinjilisti wa Baiskeli
Nahodha amenikumbusha Matendo 27. Paulo akiwa mfungwa alishauri wasiondoke Bandari Nzuri kwa sababu majira ya kusafiri salama yalishapita. Yule akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Yaliyofuata mnayajua: watu 276 majini Malta, wote wakapona, merikebu ikapotea, wakakaa kisiwani miezi mitatu. Huko Malta watu waliponywa. Lakini msisahau mwanzo: Paulo mwenyewe alisema wasubiri. Matunda ya Malta hayakufanya ule uamuzi wa kuondoka uwe sahihi.

#35 Nahodha Mstaafu
Na mwenye chombo anataka mzigo ufike. Haijabadilika.

#36 Mbeba Gitaa
Nimeuchapisha uzi huu nikampelekea mweka hazina. Amesoma yote, akapigia mstari #11 na #28, #34 akaweka alama ya kuuliza, akanirudishia. Mama wa maombi amesoma #20 akanyamaza, ila #21 amesema huyo dada aje tusali naye.

Mchungaji yeye ameng'ang'ania kitu kingine kabisa. Anasema kilichomgusa si Ukara, ni Bugolora, na kwamba mwakani hata ziwa likiwa shwari tushuke pale kwanza tulale. Mweka hazina ameuliza kwa hela ipi.

#37 Fundi Saa
Mchungaji huyo nimeanza kumpenda. Lakini #7 na #19 bado mnazipita pembeni, nyote, mpaka Mzee wa Chumbageni.

#38 Mzee wa Chumbageni
Fundi, sheikh amejibu kwa kuniuliza kama nimelipa mchango wa springi ya Land Rover. Nikipata zaidi nitarudi.

#39 Mdogo wa Nansio
Samahani kwa kuingilia. Vijana wetu wa kanisa wanataka kwenda Ukara mwezi Novemba. Mkerewe Halisi, Novemba vipi?

#40 Mkerewe Halisi
Novemba upepo wa kusini umeshapoa ila ni msimu wa mvua na radi, na dhoruba za ziwani mara nyingi ni usiku na alfajiri, kwa hiyo msivuke gizani. Chukueni turubai la vyombo. Angalieni kalenda ya mwezi, siku za mbalamwezi ndiyo mpange mkutano. Na pigeni simu kwanza kwa mtu wa Bwisya, nitakutumia namba sirini. Kama mnapitia Bugolora muulizeni yule mama wa dagaa kama Shinyanga walimlipa uji.

#41 Mbeba Gitaa
Tulimlipa! Nusu.

#42 Mkerewe Halisi
Ninajua. Ni mama yangu mdogo.